Karata Zinazoficha Sheria Zake
Mhadhara uliotolewa Arua, Uganda, kwa wapenzi wa michezo ya kompyuta

Wazee wetu, walimu wangu, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni, hamjambo. Ingieni, viti vipo huku mbele, na sitamuuliza mtu swali. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumzie gemu moja ya karata inayochezwa kwenye kompyuta na kwenye simu, Cultist Simulator. Ilitoka mwaka 2018, ikatengenezwa na studio ndogo ya Uingereza, Weather Factory, ya Alexis Kennedy na Lottie Bevan. Toleo la simu likafuata 2019. Nimeicheza siku chache tu, kwa hiyo msinichukulie kama fundi. Nitawaeleza ilivyonipokea.

Mama mmoja amenishika mkono hapo nje akaniuliza kama gemu hii inafundisha uchawi. Hapana, mama yangu. Miungu yake, vitabu vyake, milango yake ya ndotoni, vyote vimebuniwa na waliouandika. Na ile Sheria yetu ya Uchawi ya 1957 inamsaka anayewatishia wenzake kifo kwa uchawi, haina habari na mtu aliyeinamia simu yake akipanga karata. Tuendelee.

Nyote hapa mmecheza matatu. Nasema karata, sisemi gari. Unagawiwa saba, mbili inamwokotesha mwenzako, ree inageuza aina, na ukishika saba ya kukatia unakata, mnahesabu pointi, kelele zinaanza. Vijana wa Kampala walishaiweka hata kwenye simu. Mtoto akikaa pembeni akatazama raundi mbili, ya tatu anataka kugawiwa. Karata tunazozijua ni hivyo: sheria ziko wazi mezani, siri iko mkononi mwa mtu.

Hii ya Waingereza imegeuza mambo. Karata zote ziko wazi mbele yako, ila sheria ndizo zimefichwa. Unafungua, unakuta meza karibu tupu, kisanduku kimoja kimeandikwa Kazi, na karata moja: kibarua cha hospitalini. Hakuna sauti ya kukukaribisha, hakuna mshale wa kukuonyesha pa kubonyeza. Unaitia karata kwenye kisanduku kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Saa inazunguka, unalipwa, na muda si muda kibarua kimekwisha. Kisha unafika urithi kutoka kwa mtu, na humo ndimo matatizo yako yote yamefungwa.

Baada ya hapo visanduku vinaongezeka: Kusoma, Kuota, Kuzungumza, Kutafuta. Karata nazo zinaongezeka: Afya, Akili, Shauku, Fedha. Hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu hawa watu. Ukiitia Afya kwenye Kazi, umekwenda kubeba mizigo. Ukiitia kwenye Kusoma, unaujenga mwili. Shauku ukiipeleka Kazini unachora picha za kuuza. Akili ukiipeleka huko huko unaajiriwa ofisini, chini ya bosi asiyeridhika. Karata ni ile ile, kisanduku ndicho kinachoamua itakuwa nini. Unajifunza kwa kutia na kuona, kutia na kuona, na mara nyingi unachokiona ni hasara.

Na wakati wote huo kuna kisanduku kimoja ambacho si chako. Kinaitwa Muda, na takriban kila dakika kinanyoosha mkono kinachukua karata moja ya Fedha. Wenye mita ya Yaka nyumbani, ile ya umeme wa kulipia kabla, wanaijua hali hiyo: umekaa, hujawasha hata pasi, na namba zinashuka tu. Fedha zikiisha, mwili ndio unaolipa. Nilitegemea gemu ya mashetani. Usiku wa kwanza wote nilihangaika na kodi na chakula. Nililala bila kuona shetani hata mmoja.

(Sauti kutoka ukumbini: "Hiyo si ni maisha ya Arua?" Kicheko.)

Ni maisha ya Arua, ndugu yangu, umelonga. Ila mambo hayo yamewekwa katika miaka ya 1920.

Niwaoneshe kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu ndicho kilichonishika. Kuna karata inaitwa Hofu, inayokuja yenyewe, hasa ukiota vibaya. Ziache zikusanyike, na zikitimia tatu katika kisanduku cha kukata tamaa, mchezo umekwisha, umekufa. Sawa, hilo linaeleweka. Lakini kuna maradhi ya pili, ya kuvutwa: umesoma mno mambo ya siri, umeona mwanga usiopaswa kuonwa, na karata za mvuto huo nazo zikikusanyika, akili inaruka. Sasa dawa ya mvuto ni nini? Ni Hofu. Unachukua ile ile karata iliyokuwa inakuua, unaitia hapo, na mtu anazinduka. Anayeogopa kidogo harukwi na akili. Nilisimamisha mchezo, maana unaruhusu kusimamisha, nikakaa nikiitazama meza. Hakuna mstari wowote uliokuwa umeniambia hivyo. Nilikuwa nimeligundua kwa mkono wangu, na ndiyo maana nililiamini.

Lawama zangu nizitaje upesi. Maandishi ni madogo, na kwenye simu meza inabanana hadi unashika karata usiyoitaka. Kiingereza chake ni kizito, cha mafumbo juu ya mafumbo. Na kurudia kulisha kisanduku cha Kazi kila baada ya muda mfupi kunachosha. Watetezi wake watasema uchovu huo ni wa makusudi, ndiyo maana yenyewe ya umaskini. Nusu yake nakubali. Nusu nyingine ni uchovu tu.

Tufike kwenye kikundi chenyewe, maana jina la gemu linakwambia hapo ndipo tunapokwenda. Ukishakusanya elimu ya siri ya kutosha, unamkalisha mtu unayemfahamu kwenye kisanduku cha Kuzungumza, unamfunulia, na kikundi kinazaliwa. Kuanzia hapo unavuta wafuasi. Mmoja wao anaitwa Neville. Neville ni karata yenye sura na maelezo mafupi. Unaweza kumtuma akakutafutie vitu, unaweza kumtuma kwa mpelelezi anayekusanya ushahidi dhidi yako. Na unapofika kwenye ibada kubwa, kuna ibada zinazotaka kitu cha kuteketezwa, na wafuasi wanaingia katika nafasi hiyo bila shida yoyote. Karata inateleza, kisanduku kinafunga, saa inazunguka. Nilifanya hivyo. Sikuhisi chochote, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kisanduku cha Muda na Fedha zilikuwa zimebaki chache.

Sasa mimi na nyinyi tumeketi Arua, Uganda. Mwingereza wa leo akicheza kuanzisha kikundi cha siri, kwake ni hadithi ya kusisimua. Kwetu huku, mtu aitwaye Rembe, nabii Mkakwa, aliwagawia watu maji ya Yakan, wakayalipia, na wengi wakaamini risasi hazitawapata. Alinyongwa Yei mwaka 1917, na miaka miwili baadaye Walugbara waliokunywa maji hayo wakainuka dhidi ya serikali ya kikoloni. Simweki Rembe sawa na matapeli; watu wale walikuwa na maradhi juu yao na wakoloni juu yao, na walitafuta pa kushika. Halafu kuna Kanungu, kule kusini magharibi mwa nchi yetu. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kikundi cha Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliteketea ndani ya jengo lao la sala, na miili mingine ikafukuliwa baadaye katika nyumba nyingine za kikundi. Wapo humu ukumbini wanaokumbuka redio siku hiyo.

Nikiangalia kwa jicho hilo, gemu imepatia jambo kubwa na ikakosa jambo kubwa. Imepatia kiongozi. Inakuonyesha kwamba mtu haamki asubuhi akaamua kuwa shetani. Anaanza na kodi, na kazi iliyokwisha, na kitabu alichorithi, na kila hatua ina sababu yake nzuri. Imepatia pia namna siri inavyofanya kazi. Sheria zilizofichwa zinakufanya usiache: unaamini kuwa karata inayofuata ndiyo itakayoeleza zilizotangulia. Mimi mwenyewe, mtu mzima, niliendelea hadi saa nane za usiku kwa imani hiyo.

Ilichokosa ni Neville. Neville hana kisanduku cha Muda. Hana kodi, hana mke anayemuuliza alikuwa wapi, hana shamba. Kanungu watu waliuza mashamba na ng'ombe, wakaleta fedha, wakakatazwa hata kuzungumza ovyo. Kulikuwa na watoto ambao hawakuchagua chochote. Hayo yote katika gemu yamekunjwa yakawa karata moja isiyolalamika. Huenda waliotengeneza walikusudia tuone hivyo hivyo, kwamba mbele ya kiongozi mfuasi ni karata. Inawezekana. Lakini mchezaji asiyeijua Kanungu hana kitu mezani cha kumkumbusha.

Kwa hiyo nyinyi mnaojifunza programu, na najua mpo, nawapa kazi. Geuzeni meza. Mchezaji awe Neville. Mpeni karata ya shamba, karata ya mtoto mgonjwa, karata ya jirani aliyekwisha kujiunga na anaonekana ana amani. Mpeni kisanduku cha Muda kinachokula kila dakika. Halafu kiongozi afike na kisanduku kimoja kipya kisicho na maelezo, aombe shamba litiwe humo. Na Hofu msiisahau. Iwekeni mkononi mwake tangu mwanzo, ila msimwambie ni ya nini.

Nimemaliza. Mzee pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, tafadhali mpitishieni kipaza sauti.