Panda Mkoko Mahali Pake

MWANAISHA: Karibuni tena kipindini. Leo ni mikoko. Wasikilizaji wa Pwani wameshaona watu wamejipanga topeni, kila mmoja na mbegu ndefu ya kijani, wakizichomeka mstari kwa mstari. Miezi michache baadaye mara nyingi hakuna kitu pale. Kwa nini, kaka Salim?

SALIM: Mara nyingi mti haukuwa wa pale. Mbegu ile ndefu ni ya mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, Rhizophora mucronata. Inapendwa kwa wepesi wake. Huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia miezi kadhaa hadi ikafika karibu nusu mita. Ikidondoka tayari ni mche. Unaiokota, unaichomeka, unakwenda zako.

MWANAISHA: Na Kenya tuna aina 9.

SALIM: Tisa, na kila moja ina kwao. Ukija na mashua kutoka baharini, wa kwanza kukupokea aghalabu ni mlilana. Nyuma yake mkoko na msinzi, ambao wengine huuita muia, kisha mkandaa. Huko nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, unaukuta mchu. Mahali pengine mchu huota hata upande wa bahari, kwa hiyo usichukulie kwamba ni mstari ulionyooka.

MWANAISHA: Kinachoamua ni nini, maji au chumvi?

SALIM: Vyote viwili. Ule ukanda wa nyuma hufikiwa na maji wakati wa bamvua tu, yaani siku maji ya bahari yanapojaa kuliko kawaida. Yakishapwa, jua linakausha, chumvi inabaki, na mwishowe tope lile linakuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Mkoko huichuja chumvi mizizini, na kuna kiwango unachokishindwa. Mchu una njia nyingine: huiruhusu kiasi iingie, halafu huitoa kwa tezi zilizo kwenye majani. Kiangazi pitisha ulimi kwenye jani la mchu, utaionja.

MWANAISHA: Nimeshaionja, na chembe zake zinaonekana kwa macho.

SALIM: Ndizo hizo. Sasa wewe unapeleka mkoko pale kwa sababu mbegu yake ilikuwa karibu. Unaupeleka ufe.

MWANAISHA: Na pumzi je? Tope lile halina hewa.

SALIM: Ndiyo maana mizizi hutoka nje. Ya mchu husimama wima mithili ya penseli zilizochomekwa chini, ya mlilana ni minene zaidi, ya msinzi hupinda kama inataka kutoka ikarudi tena topeni. Yote ina vitundu vya kupitisha hewa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoleta udongo mwingi Hori la Mwache, hapo Mombasa, mizizi ilifukiwa na mikoko ikafa eneo kubwa. Hakuna aliyeikata. Ilikosa pumzi.

MWANAISHA: Hilo linaniuma, kwa sababu udongo ule unatoka mashambani, mbali na bahari. Anayelima bara bila kuzuia mmomonyoko naye anaigusa mikoko.

SALIM: Kabisa. Na hata kukatwa, miti haifanani. Mchu ukikatwa huchipua tena. Mkoko mkubwa ukiukata, hauchipui kisikini. Mkataji wa boriti anayeacha miti mikubwa ya mbegu anajua anachofanya.

MWANAISHA: Tuje Gazi, Kwale.

SALIM: Miaka ya 1970 Gazi ilikatwa sana kwa kuni za viwandani, sehemu nyingine zikabaki wazi. Miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wanakijiji walipanda upya, na hawakupanda mkoko peke yake. Waliweka mchu na mlilana pia. Baadaye chini ya miti ile aina nyingine zikaota zenyewe, na kaa wakarudi. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa, yaani unalipwa kwa kaboni ambayo miti ile inaihifadhi. Fedha zimekwenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni.

MWANAISHA: Kikundi kinachotaka kupanda mwezi ujao kianzie wapi?

SALIM: Kisianze na mbegu. Kiende bamvua, kione maji yanafika wapi. Kitazame miti iliyo jirani na pale. Kama kuna mfereji umezibwa na barabara au tuta, kiufungue. Mara nyingi maji yakirudi huleta mbegu yenyewe, wala hutapanda kitu.

MWANAISHA: Na mbele kabisa, penye mawimbi?

SALIM: Hapo ni mlilana, na kazi yake ni ngumu. Tunda lina vijimbegu vidogo vingi, ukivitupa topeni maji yanavichukua. Lazima vioteshwe kitaluni kwanza, miche ilelewe hadi ipate nguvu, ndipo ipelekwe. Wafadhili wanaohesabu miche iliyopandwa kwa siku moja wangekubali kulipia miezi ile ya kitaluni, ningefurahi sana.