Kumkalisha Mbele Hakutoshi: Mwanafunzi Mwenye Uoni Hafifu Darasani

Walimu wenzangu, karibuni tena. Asubuhi tulikuwa na nukta nundu, maandishi ya kugusa ya wasioona. Kipindi hiki ni cha mtoto anayeona, ila haoni vizuri. Huyu husahaulika kirahisi, maana anatembea mwenyewe, anacheza na wenzake, na akichelewa kunakili anaitwa mvivu. Wanafunzi wengi wenye ualbino wako katika kundi hili. Miwani huwasaidia kiasi tu, kwa sababu sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ile inayotambua vitu vidogo, haikukomaa.

Kabla ya kumhamisha dawati, tafuta tepu. Andika ubaoni mstari mmoja kwa herufi zako za kila siku. Msimamishe mita 6 kutoka ubaoni, asogee taratibu mpaka asome bila kukaza macho, kisha pima. Ukikuta anasoma akiwa mita 1.5, na dawati la kwanza liko mita 2, basi hata huko mbele hasomi kitu. Umbali ukipungua nusu, herufi huonekana kubwa mara mbili. Kutoka mita 6 hadi 1.5 ni mara nne. Ndiyo maana ruhusa ya kuinuka na kusogea ubaoni, bila kuomba kila mara, ina faida kuliko dawati lenyewe.

Mtazame pia shingo. Wengi wenye ualbino macho yao hutikisika, na kuna pembe moja ambayo mtikisiko hupungua. Mtoto huitafuta pembe hiyo kwa kugeuza uso. Wewe unamwambia "kaa vizuri, angalia mbele," naye akitii, herufi zinaanza kucheza. Mwacheni! Anayegeuzia uso kulia, mkalishe upande wa kulia wa darasa, ubao uwe kushoto kwake; hapo hahitaji kupinda shingo sana. Asielekee dirisha, mwanga mkali humsumbua. Kofia yenye ukingo mpana avae hata ndani, sheria ya sare isimzuie. Akisoma kitabu kikiwa sentimita 5 kutoka usoni, haharibu macho. Kinachoumia ni mgongo, kwa hiyo mwinulie kitabu kwa kibao kilichoegemezwa.

Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kipindi, kwani vumbi la chaki huufanya wa kijivu na maandishi kufifia. Chaki nyeupe au ya njano. Nyekundu na bluu kwake hazipo.

Sasa mdomo wako. Mwalimu wa hisabati husema: "Hii tunaitoa hapa, hii inabaki, tunagawa kwa hii." Mtoto huyu amesikia "hii" tatu na "hapa" moja, hajapata namba hata moja. Sema kila unachoandika: "Tatu eksi jumlisha nne ni sawa na kumi na tisa. Natoa nne pande zote mbili. Tatu eksi ni sawa na kumi na tano. Nagawa kwa tatu, eksi ni tano." Haikuongezei hata dakika moja, na yule wa dawati la nyuma kabisa naye anafaidika.

Kwenye mitihani, Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza. Majaribio ya shuleni ndiyo huharibika. Mwalimu anachukua karatasi ya A4, anaikuza kwenye fotokopi iwe A3. Ukuzaji huo ni asilimia 141 tu: herufi za pointi 12 zinakuwa kama 17, wino umefifia, na karatasi haienei kwenye dawati. Chapeni upya kwa pointi 18 hadi 24, herufi za kawaida zisizo na mikia, kwenye A4 ileile. Na ukubwa usikisie: chapa sentensi moja kwa pointi 18, 20 na 24, mtoto achague mwenyewe.

Haya, tepu ziko mezani. Gawaneni wawili wawili. Mmoja aandike ubaoni, mwingine aanzie mita 6.