Pakiti ya Cooper: Dawa ya Kuogesha Mifugo kutoka Berkhamsted hadi Majosho Yetu

Waheshimiwa wahadhiri, madaktari wa mifugo, nanyi wenye maduka ya agroveti na wanafunzi mliofika hapa Kabete jioni hii: asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nieleze jinsi kampuni moja ya dawa za mifugo ilivyoanza na kuenea duniani. Nimechagua ya Cooper, kwa sababu jina hilo lingali linasomeka katika rafu zenu, na kwa sababu naamini historia yake inatuonyesha ni kwa nini dawa hufaulu au hushindwa ikishafika mikononi mwa mfugaji.

William Cooper alizaliwa katika kijiji cha Clunbury, Uingereza, na katika miaka ya 1840 akahamia Berkhamsted, mji mdogo wa Hertfordshire, akawa anatibu wanyama. Kondoo wa huko walisumbuliwa na upele unaoletwa na utitiri wa ngozini. Sufu ilinyonyoka, mnyama akakonda, na wachungaji wengi walitegemea kupaka lami na mafuta kwa mkono, kondoo mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 1852 Cooper alitoa unga wa aseniki na salfa uliokorogwa katika maji baridi, kisha kondoo akatumbukizwa mwili mzima.

Aseniki ilijulikana kuwa sumu tangu zamani, na wengine walikuwa wameijaribu. Kwa maoni yangu, kilichoijenga kampuni hii ni pakiti. Unga ulipimwa kiwandani, ukafungwa pamoja na maelezo ya kiasi cha maji, hivyo mfugaji ambaye hakuwahi kusoma kemia aliweza kutengeneza dawa yenye nguvu ileile kila mara. Kampuni ilithamini maelezo hayo kiasi cha kuanzisha kiwanda chake cha uchapaji mjini Berkhamsted, kikaitwa Clunbury Press. Tena unga hauvuji na ni mwepesi kuliko dawa ya maji. Ukapakiwa melini hadi Australia, Afrika Kusini na Argentina, nchi zenye mamilioni ya kondoo, na biashara ikakua chini ya watoto wa ndugu yake Cooper, waliokuwa wabia wake.

Umiliki wa baadaye nitaupitia upesi. Mwaka wa 1925 kampuni iliungana na watengenezaji wengine wa dawa za kuogesha mifugo, McDougall na Robertson. Mwaka wa 1959 ikanunuliwa na Wellcome, kampuni ya dawa ya Uingereza. Mwaka wa 1984 Wellcome na ICI, kampuni ya kemikali ya Uingereza, wakaunganisha shughuli zao za mifugo chini ya jina la Coopers. Kisha jina hilo likapita kwa wamiliki kadhaa katika nchi mbalimbali.

Kwetu Afrika Mashariki adui mkuu alikuwa kupe wa masikioni, anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe. Kupe huyu hupanda wanyama watatu maishani mwake: hunyonya kwa siku chache akiwa bado mchanga, huanguka, hujivua gamba, kisha hupanda mwingine. Vijidudu anavyovibeba katika hatua moja huviambukiza katika hatua inayofuata. Ndiyo maana ng'ombe huogeshwa kila wiki, au hata mapema zaidi panapokuwa na kupe wengi. Josho likikosa wiki mbili, kupe huwa amekwisha kushiba, akaanguka na kwenda zake.

Hapa ndipo funzo la pakiti, yaani kupima dawa sawasawa kila mara, lilipoanza kusahauliwa. Kila ng'ombe akitoka joshoni hubeba dawa katika manyoya yake, mvua nayo huongeza maji, kwa hiyo dawa lazima ijazwe kwa kipimo. Mahali ambapo haikujazwa ipasavyo, kupe walipata dozi hafifu wakaizoea. Aseniki ilishindwa, ikafuata toksafini, kemikali nyingine ya kuua kupe, kisha zikaja dawa nyingine, ikiwemo amitrazi ambayo Coopers waliiuza kwa jina la Triatix. Amitrazi huharibika upesi katika josho lililochafuka, kwa hiyo hutiwa chokaa ili ihifadhike. Aliyeiacha chokaa kwa kuokoa shilingi chache aliogesha ng'ombe kwa maji matupu akidhani anawakinga. Serikali ilipojiondoa katika uendeshaji wa majosho katika miaka ya 1990, mengi yalikauka, na leo wafugaji wengi hunyunyiza kwa pampu ya mgongoni nyumbani, wakikadiria dawa kwa kifuniko cha chupa na kuyasahau masikio, chini ya mkia na katikati ya mapaja, mahali ambapo kupe hujificha hasa.

Ninyi wenye agroveti nawasihi jambo moja. Mfugaji akija kulalamika kwamba kupe hawafi, msimpe chupa yenye jina jingine kabla ya kusoma kemikali iliyomo. Amitrazi huuzwa na kampuni nyingi kwa majina mengi, na anayetoka kwenye chupa moja ya amitrazi kwenda nyingine hajabadilisha dawa. Muulizeni kwanza anapima kwa nini, anatumia lita ngapi kwa ng'ombe mmoja, na alinyunyiza mara ya mwisho lini.