Nimerudi Igombe mikono mitupu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Shikamooni wazazi wangu mnaonifuatilia, na wenzangu wote, mwangaluka! Leo sipo Columbus, Marekani. Hizo mnazozisikia nyuma yangu ni injini za mitumbwi. Niko Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mwaloni kabisa, mitumbwi inapofikia, saa moja kasoro asubuhi, na waliokesha ziwani ndiyo wanaingia.

Ngoja nigeuze kamera muone. Mnamwona yule mama mwenye kanga ya njano? Anamwaga dagaa kwenye chanja, halafu anawatandaza kwa kiganja, polepole, kama anayetandika kitanda cha mgeni. Wakilaliana, wa chini wanaharibika kabla jua halijawafikia. Mayu, yaani mama yangu, alinisomesha kwa kazi hii hii. Hapa nilijulikana kama mtoto wa mama dagaa, na nilipoanza sekondari mjini nilikuwa nasugua mikono kwa limao kabla ya kupanda daladala, ili wenzangu wasinuse nimetokea wapi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na tayari nilishaamua kwamba nilivyo peke yangu sitoshi. Lazima kiwepo kitu cha kuongezea.

Marekani nikakipata. Nilipata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku, na wenzangu wa ughaibuni mnajua usiku wa Ohio mwezi wa kwanza ukoje. Lakini hela ilikuwa inaingia na nilikuwa natuma. Ada, rambirambi, mchango wa harusi, mabati ya shangazi. Nikanunua kiwanja Buswelu, huku huku Mwanza, nikamwaga msingi. Kila nikituma, simu inajaa baraka: "Mungu akuzidishie mwanetu." Na mimi, wapendwa, nilianza kuzila zile baraka kama chakula. Wiki nisiyotuma nilikuwa nasinyaa.

Halafu kazi ikaisha. Walipunguza watu, nikawa mmojawapo. Miezi mitano sikutuma hata shilingi, na nikaacha kupokea simu. Mayu akipiga, naiangalia inaita mpaka inakata. Nilijisemea, atanisikia nitakapokuwa na la kumwambia.

Waulizeni wavuvi wa hapa. Dagaa anavuliwa gizani, anafuata taa: zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa, ziwa lote linang'aa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inalala nchi kavu. Mwalo unanyamaza kabisa. Sisi tuliokulia hapa tulikuwa tunaujua mwezi kwa sufuria. Sasa hebu fikiria mtu ambaye thamani yake yote inapanda na kushuka na mwezi. Ndivyo nilivyoishi miaka saba, na Jumapili nasimama kanisani naimba.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Kuna mahubiri yaliyonisaidia kubaki hapo. Yale ya kwamba ukiwa na imani utaonekana, gari litaonekana, nyumba itaonekana. Basi nyumba yangu ilipobaki msingi wenye majani, nilihitimisha kwamba na Mungu naye ameacha kupokea simu zangu. Watumishi wa Mungu, nawaheshimu, lakini tusiwafundishe watu hivyo. Inaua.

Baadaye nilipata kazi nyingine, nikapangiwa mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau. Ukutani kwake kulikuwa na picha yake akiwa kijana, suti safi, amesimama mbele ya biashara aliyoijenga mwenyewe. Jioni moja namfuta uso kwa taulo la maji ya uvuguvugu, akainyooshea kidole ile picha akaniuliza, "Yule ni nani?" Nikamwambia ni wewe. Akaitazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akafumba macho nimalizie shavu la pili.

Nilikaa na lile taulo mkononi mpaka likapoa. Alichojenga hakijui tena. Hawezi kumtumia mtu chochote. Kama mtu ni kile anacholeta, huyu mzee angekuwa amekwisha. Lakini alikuwepo pale, mzima, mtu kamili, na moyoni nilijua kabisa kwamba nikimdharau nitakuwa nimemkosea Mungu aliyemwumba kwa mfano wake. Nikajiuliza, kwa nini najua hivyo juu yake, na juu yangu sijui?

Usiku ule nilifungua Isaya 43. Maneno yale waliambiwa watu wa uhamisho, walio Babeli, Yerusalemu yao imebomolewa, hawana cha kuonyesha. Hao ndio wanaambiwa, "Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Na chini kidogo, "ulikuwa wa thamani machoni pangu." Nimeusikia mstari huo tangu Shule ya Jumapili. Sikuwahi kufikiria kwamba walioambiwa walikuwa mbali na kwao kama mimi.

Lakini iliyonipandisha ndege ni Yohana 21, na hii sisi watu wa ziwa tuna haki ya kuisoma kwa karibu. Ziwa la Galilaya ni dogo, kilomita za mraba 166 hivi. Hili letu linapita 68,000. Ila usiku wa kukosa ni ule ule. Petro amemkana Bwana mara tatu, amerudi kwenye nyavu, amekesha, hajapata kitu. Kunapambazuka, mtu amesimama ufukweni anauliza, "Wanangu, mna kitoweo?" Wakamjibu, "La."

Hapa Igombe, mtu akisimama ufukweni akaulizia kitoweo, huyo anataka kupewa. Tulivyokuwa watoto ndivyo tulivyofanya, na vibakuli vyetu. Kumbe aliyeuliza pale hakuwa na shida ya samaki. Ndiyo, aliwaambia watupe nyavu upande wa kuume, wakapata samaki wakubwa 153, na aliwaambia walete baadhi. Hakuidharau kazi yao. Lakini soma mstari wa tisa taratibu: waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa umeshawashwa, samaki wako juu yake, na mkate. Chakula kilikuwa motoni kabla hawajaleta. Na Petro aliitwa kwa jina lake na la baba yake, Simoni wa Yohana, akaulizwa kama anampenda. Hakuulizwa amepata wangapi.

Nilifunga Biblia nikakata tiketi. Begi moja, na ndani ni nguo zangu tu. Kutoka uwanja wa ndege mpaka hapa nilikuwa natetemeka kwenye bajaji. Nilikuwa nimejiandalia maelezo ya msingi wa Buswelu, ya kazi, ya simu.

Mayu alikuwa jikoni nje, amechutama anapuliza moto. Sato ameshampaa magamba, ameshamkaanga, nyanya zinachemka. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, inanuka dagaa, na mimi nikaivuta ile harufu mpaka ndani kabisa ya mapafu. Nikaanza, "Mayu, sikuja na kitu." Akaniuliza kama nimenawa mikono.

Wewe unayenitazama ukiwa Nyakato huna kazi, au uko Houston umezima simu kama nilivyozima mimi: mpigie mama yako leo, hata kama huna la kumwambia. Na ninyi wazazi, mtoto akipiga, mwulizeni kwanza amelalaje.

Nilitaka kuwaonyesha na lile jabali tulilokuwa tunaanikia, lakini naitwa, mnamsikia? Abee mayu! Nakuja!