Mawe ya Apollo Yaliokotwa Wapi?

Ndugu wasikilizaji, nimelisema jambo hili mara nyingi na leo nalirudia: tusiwafundishe vijana kwamba Mwezi ulipigwa na mvua ya ghafla ya asteroidi, yaani mawe makubwa ya angani, miaka bilioni 3.9 iliyopita, kana kwamba shauri hilo limekwisha kuamuliwa.

Tazameni picha ya jiwe hili la Apollo 16, mojawapo ya safari za Wamarekani kwenda Mwezini, lililoletwa mwaka 1972. Vipande vyeupe vyenye ncha vimezama katika ujiuji mweusi ulioganda, mfano wa kokoto ndani ya zege. Ujiuji huo ndio saa yetu. Potasiamu iliyomo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Pigo kubwa likiliyeyusha jiwe, gesi hutoroka na hesabu huanza upya. Kwa hiyo umri tunaousoma ni wa pigo la mwisho lililoliunguza jiwe, wala si wa yale yaliyotangulia.

Mwaka 1974 wanasayansi Tera, Papanastassiou na Wasserburg, wakitumia saa nyingine za namna hii, waliona umri wa mawe mengi umerundikana karibu na bilioni 3.9, wakapendekeza kwamba palitokea maangamizi, yaani mvua ile ya ghafla. Walikuwa wapimaji hodari. Lakini mawe hayo yaliokotwa wapi? Vyombo vyote 6 vya Apollo vilitua upande unaotutazama, na Apollo 14 na 15 zilipelekwa kwa makusudi kwenye kifusi na ukingo wa bonde la Imbrium, shimo kubwa lililochimbwa na pigo, ambalo upana wake unazidi kilomita 1,000 na ambalo pigo lake lilitawanya kifusi mbali mno. Aliyepita nyumba sita za jirani siku ya harusi asiseme mji mzima umekula pilau.

Atakuwapo wa kuniuliza kuhusu vimondo vilivyorushwa kutoka Mwezini vikaanguka Duniani. Hivyo vinatoka pande nyingi, na umri wake umetawanyika zaidi. Nakubali kwamba vyenye alama za mapigo ya kabla ya miaka bilioni 4 ni vichache. Lakini kumbukeni, pigo jipya hufuta saa ya pigo la zamani.

Asili ya mawe yaliyopiga nitaigusa tu, muda umenibana: wapo wanaosema kuhama kwa Mshtarii na Zohali kuliyavuruga, na wapo wanaosema ni mabaki ya ujenzi wa sayari yaliyopungua polepole, nami niko pamoja na hawa wa pili. Juni 2024 chombo cha China, Chang'e 6, kilileta gramu 1,935.3 kutoka bonde la South Pole-Aitken, upande wa pili wa Mwezi, na watafiti wakasoma humo pigo la miaka bilioni 4.25 iliyopita. Hilo ni bonde moja. Yapo mengine makubwa ambayo bado hatujapata hata kokoto yake, na huko ndiko ningependa chombo kinachofuata kitue.