Goti Moja Linapouma: Chuma Kwanza, Mwili Baadaye

Wababa, wamama, vijana wa kinga, yaani baiskeli, karibuni.

Tunazungumzia maumivu ya upande mmoja: goti la kulia linauma, la kushoto ni zima. Ni watu wachache sana ambao miguu yao inalingana kabisa. Ukitembea, mwili unajirekebisha wenyewe. Juu ya kinga haupati nafasi hiyo, kwa sababu kiti na pedali vimekushika pale pale. Ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, ndani ya saa moja goti limejikunja mara 4,200, na kila mara kwa kosa lilelile.

Tazameni kinga hii ya kubebea makala, yaani makaa. Nyuma ya kiti kuna springi mbili. Nikibonyeza ya kushoto kwa dole gumba, inazama. Ya kulia inagoma. Anayekikalia, nyonga yake inaangukia kushoto, na mguu wa kulia unalazimika kujinyoosha zaidi ili ufikie pedali. Mtu huyo ataambiwa ana mguu mfupi, kumbe springi imechoka! Badilisheni springi zote mbili pamoja.

Kisha laza mikono ya pedali, mmoja mbele na mwingine nyuma, uitazame kwa ubavuni. Lazima iwe mstari mmoja. Kwenye kinga za mikono inayofungwa kwa pini, fundi akiingiza pini zote mbili kwa upande mmoja badala ya kuzipinganisha, au akisaga moja kwa tupa kupita kiasi, mstari unavunjika na miguu haikanyagi sawa tena.

Chuma kikishapona, pimeni urefu wa kiti. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: goti linyooke bila nyonga kuyumba. Ukihamia kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa nyuzi kama 25 hadi 35. Maumivu mbele ya goti mara nyingi yanatoka kwenye kiti kilicho chini mno au mbele mno; nyuma ya goti, kiti kiko juu mno. Sogeza milimita 5 tu, uendeshe siku kadhaa ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja, hutajua kipi kilichokuponya.

Ndipo tunafika kwenye mguu wenyewe. Mgonjwa alale chali, upime kwa utepe toka mfupa wa mbele wa nyonga hadi kifundo cha ndani, kila mguu mara tatu. Vipimo vikilingana na bado anakaa upande, miguu haina kosa. Nyonga imepinda, na pengine ni kwa kusukuma mzigo kwa upande uleule kila siku. Huyo abadilishe upande wa kusukumia, asiongezewe kitu chini ya mguu.

Mfupa ukiwa mfupi kweli, weka kiti kwa kipimo cha mguu mrefu, kisha ongeza mpira chini ya soli ya mguu mfupi. Anza na nusu ya tofauti: wa milimita 10, mpe 5. Kipande cha tairi kuukuu kinatosha. Gundisha kwenye kiatu, si kwenye pedali, maana pedali inageuka na mpira utabaki chini.

Goti likivimba, likikwama, au mguu ukifa ganzi na kukosa nguvu, acheni spana. Huyo aende kwa daktari.