Daktari Yuko Mjini, Mgonjwa Yuko Kisiwani

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji, tupo Mwanza. Kaka Masalu, leo nina jambo zito.

MASALU: Lilete, dada.

NEEMA: Binti wa shangazi yangu yuko kisiwa kimoja kidogo huko Ukerewe. Mwaka jana uchungu ulimshika usiku, mtoto amekaa vibaya. Zahanati ina muuguzi mmoja tu. Wakampakia kwenye mtumbwi wa injini, kalazwa juu ya nyavu, ziwa limechafuka. Walipona wote wawili, Mungu mkubwa. Ila shangazi hajasahau ile safari.

MASALU: Poleni sana. Na watu huwa wanasema suluhisho ni kujenga. Majengo mbona tunajenga! Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, tukazika ndugu zaidi ya 220, fedha za rambirambi zikaelekezwa kituo cha afya Bwisya, kulekule Ukara. Jambo jema kabisa. Lakini ukuta haupasui mtu.

NEEMA: Tatizo ni kwamba hatusomeshi madaktari wa kutosha?

MASALU: Tuongeze, ndiyo. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukafika milioni 61.7. Hapa kilimani Bugando chuo kinafundisha udaktari tangu 2003. Miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mzima wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini. Halafu? Anakaa nyumbani anasubiri kibali cha ajira kitoke. Unakumbuka 2017?

NEEMA: Wale wa Kenya?

MASALU: Haswa. Serikali ilikubali kuwapeleka Kenya madaktari 500. Kesi ikafunguliwa kule, mpango ukakwama, Rais Magufuli akaagiza 258 walioomba waajiriwe hapahapa. Maana yake madaktari walikuwepo, wamekaa tu, na mama anavushwa usiku kwa mtumbwi. Mimi hilo linaniuma mno.

NEEMA: Lakini wengine wakipangiwa visiwani wanakimbia.

MASALU: Sasa unampangia mtu mahali hana nyumba, umeme wa kubahatisha, mke kabaki huku mjini, Nyegezi. Utamlaumu? Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linahimiza kuwaingiza vyuoni vijana waliokulia vijijini, kwa sababu hao ndio hurudi na kukaa. Mtoto wa Ukerewe haogopi ziwa. Na tusiwasahau madaktari wasaidizi, tumekuwa nao tangu miaka ya sitini. Huko wilayani wamewazalisha mama zetu kwa upasuaji miaka yote hiyo.

NEEMA: Mtaani kwetu yupo kijana, utarajali kamaliza, sasa anauza kwenye duka la dawa. Nikamuuliza, ukipewa ajira na nyumba kisiwani, utaenda?

MASALU: Akasemaje?

NEEMA: "Dada, kesho asubuhi. Ila nisiende peke yangu. Nipeni na mtu wa kutoa dawa ya usingizi, maana bila yeye mama mwenye uchungu nitampandisha tena kwenye mtumbwi uleule."